Siku Tulipobariki Shato la Magodoro

Tajiri wetu alijenga nyumba yenye paa la theluji. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoona siku kanisa letu lilipoenda kuibariki. Paa lilikuwa limesimama wima kama kofia ya mchawi, ili theluji ikianguka iteleze hadi chini. Theluji, tena huko Ukambani, mahali ambapo hata mvua huja kama mgeni asiyejulikana, inachungulia langoni na kuondoka. Chini ya paa hilo kulikuwa na minara minne, madirisha marefu kama ya mahakama na kuta za rangi ya maziwa lala. Kuzunguka hayo yote kulikuwa na nyasi kavu, miiba na ng'ombe. Ng'ombe mmoja alikuwa akijikuna kwenye nguzo ya lango, taratibu, kama mtu ambaye jina lake ndilo liko kwenye hati ya shamba.

Mwenyewe anaiita shato, yaani kasri. Ni neno alilorudi nalo kutoka Ufaransa pamoja na kofia na mafua.

Nasema tajiri wetu kwa sababu alikulia hapa kwetu Makadara, nyumba za laini ya pili kutoka yetu. Alianza kwa kuuza magodoro kando ya Jogoo Road, na mtaa mzima umelala juu ya utajiri wake. Godoro langu ni lake. Wanasema lilikuja nene kama keki ya harusi. Siku hizi ni chapati, na nikigeuka usiku mbao za kitanda hunisalimia moja moja. Kwa hiyo nilipouona ule mnara wa kwanza, nilijua sponji yangu ilienda wapi.

Baba yangu ni mchongaji. Kwenye kibanda chao kila mtu ana mnyama wake. Kuna mzee wa twiga, kuna mzee wa ndovu, na Baba ni wa vifaru. Hawachori wala hawapimi. Mkono unajua njia yake. Ukimwomba yule wa twiga akuchongee kifaru, atakupa kifaru chenye shingo. Baba amechonga vifaru tangu kabla sijazaliwa, na hakuna aliyewahi kumwomba achonge mwanamke. Mpaka tajiri alipoingia kibandani na simu yake.

"Nataka hawa," akamwambia, "lakini wa mbao."

Picha ilikuwa ya wanawake wanne wa mawe huko Ulaya. Wamesimama wakiinua roshani kwa vichwa vyao, shuka zimewateleza upande mmoja na kifua kiko nje, kana kwamba waliitwa kutoka bafuni waje washike dari upesi. Nyuso zao kwenye simu zilikuwa ndogo kama punje za maharagwe.

"Mimi ni wa vifaru, mkubwa," Baba akasema.

"Wewe ni wa nyumbani. Utaweza."

Miili aliichongea kibandani. Nyuso hakuzigusa. Ndiyo desturi yao: kitu kikubwa kinachosafiri huchongwa uso mwisho, kikishafika, kwa sababu barabara huvunja pua. Wale wanawake walipanda lori wakiwa na vichwa vitupu kama viazi, na Baba akawafuata, akakaa huko kwenye ranchi ya tajiri karibu mwezi mzima. Aliporudi tulimuuliza kazi imetokaje. Akasema, "Wamesimama." Basi. Akaenda kulala.

Sasa nikueleze kuhusu Mama, maana siku ile yeye ndiye alikuwa na cha kupoteza. Mama alikuwa anagombea uenyekiti wa kina mama kanisani. Usicheke. Mwenyekiti ndiye hukaa na ufunguo wa stoo ya sufuria, huongea kwenye matanga, na harusini hukaa kiti cha mbele hata kama hajaalikwa. Mpinzani wake alikuwa mweka hazina, mama mmoja mwenye macho ya kuhesabu vipande vya nyama kwenye sahani ya jirani. Kura ilikuwa ipigwe Jumapili. Shato lilikuwa libarikiwe Jumamosi, siku moja kabla.

Na sifa ya Mama kanisani ni moja. Yeye ndiye wa leso. Msichana akija na sketi fupi, Mama hutokea kutoka mahali pasipojulikana, anamfunga leso kiunoni kama anayefunga mzigo wa kuni, halafu anamwambia, "Karibu nyumbani mwa Bwana." Mimi mwenyewe nimefungwa, na mimi natoka tumboni mwake.

Tangazo la safari lilipotolewa, Baba alibadilika. Kwanza akasema barabara ni mbovu. Halafu akasema kuna nyoka. Ijumaa jioni akaja na lake la mwisho.

"Mama yao, huko ranchi kuna ndigana."

"Baba, huo si ni ugonjwa wa ng'ombe?" nikamuuliza.

"Huanza na ng'ombe," akasema.

Mama aliendelea kupiga pasi kitambaa chake cheupe cha kichwani. Asubuhi Baba akaumwa na mgongo, akabaki. Mimi nilienda na kwaya ya vijana. Siimbi, lakini kulikuwa na pilau.

Tajiri alitupokea mwenyewe na kutuzungusha. Alituonyesha chemchemi yenye mtoto wa jiwe anayekojoa, ila mtoto alikuwa amekauka kwa sababu kisima hakikuwa na maji ya mzaha. Alituonyesha maua yaliyokatwa kama mipira, na mipira mingine ilikuwa nusu kwa sababu mbuzi walikuwa wamepita. Maktaba ilikuwa na vitabu ukutani mpaka juu. Nilivuta kimoja, na vitabu kumi vikaja pamoja kama mlango. Ilikuwa migongo tu, imegundishwa. Kulikuwa na meza ndefu ya kulia ambayo mtu wa huku akitaka chumvi inabidi ampigie simu wa kule. Na sebuleni, kwenye meko iliyojengwa ndani ya ukuta, moto wa kuni ulikuwa unawaka saa sita mchana, kwenye jua lile, na mlinzi aliyevaa koti jekundu la sufu alikuwa amesimama kando yake akiyeyuka.

"Ulaya kila nyumba kubwa ina moto," tajiri akaeleza.

"Ulaya kuna baridi, mkubwa," nikasema. Mchungaji akanikanyaga mguu.

Mlangoni mwa ukumbi mkubwa tajiri akasimama na kuvua viatu.

"Sijui kwa nini," akasema, "lakini tangu hizi sanamu ziwekwe, kila mtu huvua viatu hapa. Hata fundi wa stima alivua. Mtu anaingia tu anahisi ana tope."

Nilipoingia nilijua kwa nini.

Chini ya roshani walikuwa wamesimama Mama wanne. Si wanaofanana na Mama. Mama. Lile paji la uso, kile kidoti kando ya pua, kovu la mlango wa kabati juu ya jicho, na ule mtazamo wa mtu ambaye amepiga deki sasa hivi na wewe umeingia na viatu vya shule. Shingo kwenda juu alikuwa mama yangu. Shingo kwenda chini alikuwa mwanamke wa Ulaya aliyetolewa bafuni.

Kwa sekunde kadhaa niliomba ardhi ipasuke. Halafu nikakumbuka sakafu ni ya marumaru, ingekuwa hasara.

"Tufumbe macho," mchungaji akasema.

Kina mama wakafumba. Mimi huwa sifumbi, na nikagundua mweka hazina pia hafumbi. Aliangalia sanamu ya kwanza, akaangalia ya pili, halafu akageuza shingo polepole kumtafuta Mama. Akamsukuma jirani yake kwa kiwiko.

"Si huyo ni..."

"Nyamaza, tunaomba."

"Fungua jicho moja tu. Hata kidoti kipo!"

Maombi ya mchungaji yalikuwa ndiyo kwanza yamefika jikoni mwa shato, akibariki vijiko, lakini macho yalikuwa yanafunguka kwaya nzima, moja moja. Mtu akakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Mama akafungua macho kuona ni nani huyo asiye na adabu. Akaona kila mtu anaangalia juu. Naye akaangalia juu.

Sitasahau. Uso wake ukakaza, nyusi moja ikapanda, na sasa wakawa watano.

Mweka hazina hakungoja amina. "Dada yangu," akasema kwa ile sauti ya asali, "hatukujua una kazi nyingine huku."

Kesho yake ndiyo kura. Mwanamke aliyewafunga leso mabinti wa mtaa mzima alikuwa amesimama mbele ya kanisa lake mara nne, kifua wazi, ameshika roshani ya muuza magodoro. Nilidhani ataondoka. Ningekuwa mimi ningekimbia mpaka Makadara kwa miguu.

Mama aliinama kwenye kapu la zawadi. Tulikuwa tumemletea mwenye nyumba chupa ya chai, sufuria na doti mbili za leso. Akazitoa zile leso, akazichana vipande vinne kwa meno, akaniambia, "Lete kiti."

Nikaleta kimoja chenye miguu ya simba na rangi ya dhahabu. Akapanda, akaanza kuimba. Na akiimba akamfunga yule wa kwanza leso kwapani, akakaza fundo la mbele, akashuka. Nikasogeza kiti. Wa pili. Wazee wa kike wakaanza kumwitikia bila kujua wanaitikia nini. Mmoja akapiga kigelegele.

Tajiri alikuwa ametoa simu, anarekodi. "Mchungaji, hii ni sehemu ya ibada?"

Mchungaji ni mtu asiyeweza kusema uongo. Alifikiri kidogo. "Leo, ndiyo," akasema.

"Lakini mbona unawafunika?" mweka hazina akauliza kwa nguvu, wimbo usimmeze. "Unawajua?"

Mama alikuwa juu ya kiti, kwa wa tatu. Hakugeuka.

"Wewe ukikuta mwanamke amebeba mzigo na nguo imemwanguka, unamuuliza jina kwanza?"

Vigelegele vikapanda mpaka kwenye paa la theluji. Pilau ikaliwa. Tajiri akasema leso zibaki hapohapo, ni utamaduni.

Tulipofika nyumbani Mama hakusema neno. Alipika, akampakulia Baba ugali na sukuma, akaketi mbele yake na kumtazama na ule uso. Baba akavua ndara polepole. Mchana kutwa hakuwa ametoka nje. Mama akainuka, akaingia upande wa pili wa pazia, na chumba chetu ni kidogo hivi kwamba upande wa pili wa pazia ni hapahapa, ila huonekani.

"Buda," nikamnong'oneza, "si ungewapa tu nyuso za vifaru?"

"Nilijaribu zile za kwenye simu. Mkono ukakataa."

"Mara nne?"

Akamega ugali, hakuula. "Wa kwanza alitoka hivyo. Nikasema wa pili nitambadilisha. Huko usiku ni ng'ombe tu na upepo. Nikawa nimezoea kuongea naye nikifanya kazi." Akafikiri. "Hata nikimaliza ugomvi na wa kwanza, naenda kwa wa pili."

Pazia halikusogea.

Jumapili kura ilikuwa ya mlolongo, uani nyuma ya kanisa. Unasimama nyuma ya unayemtaka, kila mtu anakuona, na urafiki unaishia hapo. Kabla watu hawajajipanga, mweka hazina akaomba kusema neno moja. Kwake neno moja huwa robo saa.

"Mimi sina ubaya na mtu," akaanza. "Nauliza tu. Mabinti zetu tutawaambia nini? Kwamba mwenyekiti wetu anaonekana mwili wote kwa nyumba ya tajiri?"

Mama alikuwa anaangalia viatu vyake. Mara ya kwanza maishani nilimwona akiangalia chini, na hapo hata mimi niliishiwa na utani.

Shosho mmoja, nyanya mzee kuliko wote kanisani, ambaye husimama kwa awamu, akaanza kuinuka. Tukangoja afike juu.

"Yule ni mti," akasema. "Mimi nimezaa watoto tisa hospitali ya serikali. Mnataka kujua ni nani ameniona mwili wote? Hata aliyekuja kubadilisha balbu." Akachukua fimbo yake, akaenda akasimama nyuma ya Mama. "Tena sura yangu, mzee wangu hajawahi kuichonga hata kwa sabuni."

Kicheko kilichotoka pale kilizoa watu. Walimfuata shosho wakijipangusa macho, wakasimama nyuma ya Mama, mstari ukafika kwenye matangi ya maji ukapinda. Nyuma ya mweka hazina alibaki dada yake, na hata huyo alikuwa amesimama upandeupande.

Hapo ndipo nikamwona Baba. Alikuwa amekuja na shati la harusi, na bila kumwangalia mtu akaenda akasimama mwisho wa mstari wa Mama, mwanamume peke yake kwenye msururu wa vitambaa vyeupe.

"Huyo asihesabiwe!" mweka hazina akapaza sauti. "Huyo ndiye chanzo!"

Mama akageuka. Akatembea kando ya mstari wake wote, watu wakisogeza vichwa kumpisha, mpaka akafika kwa Baba. Akamtazama toka juu mpaka chini. Aliyoyasema ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu shato.

"Toka kwa mstari wa wanawake," akamwambia. "Na yule wa tatu umempa masikio ya mama yako. Kesho rudi huko ukayapunguze."