Kabureta za Pikipiki kwa Kagari ka Kimani

Kuna siku moja ya mvua ninayoikumbuka, mwanangu, ingawa ningetamani kuisahau. Jana uliponionyesha ile pikipiki iliyopata ajali, ukasema utatoa kabureta zake uzifunge kwa kagari kako ili kapate nguvu, nilinyamaza. Leo acha niseme.

Kaka yangu mkubwa, Kimani, alikuwa fundi wa pikipiki pale mtaani Rhonda. Alikuwa na kagari kadogo kakuukuu kalikochoka kila kalipoona mlima. Basi akachukua kabureta za pikipiki kubwa, vile vifaa vya kuchanganya petroli na hewa, akazifunga kwenye injini kwa mabomba aliyoyachomelea mwenyewe, akakaleta nyumbani kwetu Elburgon. Kalinguruma! Vijana walikazunguka wakipiga kelele, "Fundi noma! Hiyo ni ndege!" Na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Baba, ambaye alikuwa amestaafu udereva wa lori la mbao, hakusifu. Aliinama karibu na boneti, akanusa.

"Kimani, hii petroli inanuka kutoka wapi?"

"Ni kawaida, mzee. Itaisha tu."

"Petroli haina kawaida. Kwanza ujue inatoka wapi, ndiyo ubebe watu."

Kimani alicheka. Nami nikacheka, kwa maana nilikuwa msichana wa shule na yeye ndiye aliyekuwa shujaa wangu.

Wiki hiyo dada yetu akajifungua huko Kuresoi. Kimani akasema atatupeleka, mimi na mama. Mama aliketi mbele, amepakata chupa ya uji na nguo za mtoto. Tulipita Molo vizuri. Tulipoanza kupanda, gari likakohoa, harufu ikajaa ndani, mama akajifunika pua kwa leso.

"Simamisha, baba," mama akamwambia Kimani.

"Tufike tu pale juu, mathe."

Hatukufika. Pampu ya gari ilikuwa ikisukuma petroli kwa nguvu ambayo kabureta za pikipiki haziwezi kuizuia, ikafurika na kudondokea egzosti, lile bomba la moshi, iliyokuwa moto. Hayo tuliyajua baadaye. Wakati ule tuliona moshi tu, kisha miali pembeni mwa boneti.

Kimani alitutoa salama, hilo sitamnyima. Lakini alipotuona tuko kando ya barabara, alirudi mbio kuokoa kazi yake. Akafungua boneti. Moto ulipata hewa, ukamrukia. Mama aliita jina lake kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa binadamu yeyote. Watu waliokuwa wakichimba viazi shambani walikuja na magunia yaliyolowa mvua, wakamfunika.

Aliishi, mwanangu. Ila vidole vyake vilipona vikiwa vimejikunja, na hakushika spana tena. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sijui wangemwambia nini mhunzi aliyeunguza mikono. Alikuwa akikaa uani akisikiliza pikipiki zikipita, akituambia ile ina shida ya cheni, ile imekwisha pistoni. Baba hakumkumbusha maneno yake hata mara moja, na nadhani kunyamaza huko ndiko kulikomzeesha yeye mwenyewe. Miaka baadaye, Kimani tulimzika kabla ya wazazi wake. Si mpango mzuri huo.

Sikukatazi ufundi, mwanangu. Kijana asiyejaribu kitu huyo amelala. Ninachokuambia ni hiki: ukiongeza nguvu, tafuta kwanza anayejua kitakachobeba hiyo nguvu, umuulize bila aibu. Usijaribie kitu juu ya mlima ukiwa umempakia mtu. Ukiambiwa simama, simama, mlima hautahama. Na siku kazi ya mikono yako ikishika moto, iache iungue. Chuma hununuliwa.

Mungu akupe akili ya kusikia mapema. Akupe kazi ndefu na watoto watakaokuzika wewe, si wewe kuwazika. Na kila jioni akurudishe kwa mamako ukiwa mzima.