Kidawa na Kasha la King'amuzi

Niseme mapema ili tusije tukalaumiana: Yassin, mume wa Kidawa, mimi simpendi, na sijawahi kumpenda. Anayetaka habari za Kidawa zilizopimwa kwa mizani akaulize kwingine. Mimi Mwanaidi ni jirani yake hapa Mchinga, ukuta wangu na wake ni mmoja, na ninayoyasema nimeyasikia kwa masikio yangu haya.

Kidawa si wa hapa. Ni mtoto wa Kilwa Masoko, na kaka yake ana kibanda cha kutengeneza simu kule. Wenzake walipokuwa wanajifunza kusuka ukili, yeye alikuwa anashika solda. Yassin, ambaye ni dalali wa nazi, alipeleka simu yake iliyoingia maji. Simu ikapona, mwenyewe akaugua mapenzi, akamwoa msichana akamleta Mchinga. Hapa Kidawa akaweka meza barazani kwake, akawa anatengeneza simu na redio za watu. Wanawake walimcheka mwanzoni, kisha simu zao zikaanza kufa, wakaacha kucheka.

Mtoto hakujaaliwa. Miaka saba ya ndoa, na unajua watu wa kwetu walivyo, hawana haya: mtu anakuletea simu yake umtengenezee, na huku anakutazama tumbo. Kidawa alivumilia. Lakini Yassin alianza kubadilika. Swala ya alasiri ikiisha tu, huyo, kibanda umiza cha barabarani, pale wanapoonyesha mipira na sinema. Kibanda kikawa kirefu, kikafika Lindi mjini. Habari za mwanamke wa Lindi Kidawa alizipata kwa mteja wake, mama mmoja mpita njia ambaye hakujua anazungumza na nani. Mama wa watu alikaa pale barazani akicheka, akimsimulia jinsi dalali mmoja wa nazi wa Mchinga alivyokolea kwa msichana wa mtaa wa Rahaleo, kule Lindi. Kidawa alimaliza kufunga simu yake, akamjaribishia, akamrudishia.

Jioni ile akaniita. "Mwanaidi," akasema, "mimi sitaki kuletewa mwenzangu. Yassin nikimpa hapa hapa nyumbani kile anachokifuata kibandani, atakaa."

"Shoga, mwanamume haendi kibandani kwa ajili ya kioo."

"Yassin anakwenda kwa ajili ya kioo."

Basi. Mtu akishaamua, utamwambia nini?

Televisheni walikuwa nayo, ila ilikuwa inaonyesha stesheni zile zile za kuhutubia. Kidawa alitaka kuunda kompyuta ya kukaa chini ya hiyo televisheni, yenye sinema zote zile za Kihindi zilizotiwa Kiswahili, ivute na mipira kwa intaneti, na mtu aiendeshe kwa rimoti akiwa amejilaza mkekani. Akamweleza mumewe. Yassin akasikiliza, akakubali, lakini akatoa sharti.

"Sitaki mgeni aingie sebuleni kwangu aone manyaya na makompyuta ya mke wangu. Mimi nina heshima yangu. Kionekane king'amuzi."

Ebo! Mkono wa mke unakulisha raha, halafu unauonea aibu. Mimi ningemwambia aende akaoe hicho king'amuzi. Kidawa akasema, "Sawa, mume wangu," akaenda kutafuta kasha.

Alilipata, la king'amuzi kilichopigwa radi, kasha lisilozidi unene wa mkate wa kumimina. Bodi akaagiza Dar, ya kompyuta za mtumba za ofisini, ndogo kama viganja viwili, ikaja imeviringishwa kwenye soksi. Nilimwona akiipima mule ndani na kuitoa, akiipima na kuitoa. Kwa upana iliingia. Kwa kimo ikagoma, maana lile bamba la alumini la kupoza moto liligusa mfuniko. Akachukua tupa akaanza kulisugua, meno kwa meno, mpaka vidole vikatoka damu. Nguzo za plastiki za ndani alizikata kwa kisu cha moto. Chini alitoboa matundu kwa msumari uliokaa kwenye mkaa. Feni akaitoa kwenye laptopu iliyokufa, nyembamba, lakini inalia hiyo!

Na bado haikutosha. Siku ya kwanza iliwaka vizuri, ikacheza, sote tukapiga vigelegele, mara kioo cheusi. Kidawa akanieleza kwamba ikizidiwa na joto hujizima yenyewe isije ikaungua. Hapa pwani joto si mgeni, na kasha lenyewe halina pa kutolea pumzi. Akakata ndala zake mwenyewe, akazifanya miguu minne ya kuliinua kasha ili upepo upite chini. Alitembea peku wiki nzima. Yassin akiingia anauliza, "Bado tu unachezacheza?" Kisha anatoka kwenda kibandani.

Siku kilipokamilika, Yassin hakusema asante. Alikaa tu. Lakini alikaa! Jioni ile, na ya pili yake, na zilizofuata. Kibandani wakamtafuta. Wageni wakaanza kuja, naye akiwa ameegemea mto, rimoti mkononi, anawaambia, "King'amuzi cha kisasa hiki, nimekitoa Dar." Kidawa anapitisha kahawa na kashata, macho chini. Mimi siku moja nilishindwa, nikasema kwa sauti, "Ukiona vyaelea, vimeundwa!" Yassin akaniangalia kama nimemtapikia mkeka. Kidawa akanifinya.

Lakini alikuwa na furaha, hilo siwezi kumnyima. Nilikuwa namsikia ng'ambo ya ukuta akiimba huku anapara samaki. Aliniambia, "Umeona? Nilikwambia ni kioo tu."

Akufukuzaye hakwambii toka. Msimu wa korosho ulipokwisha, Yassin alikwenda Lindi Ijumaa, akarudi Jumapili na doti ya kanga na halua. Akaviweka mbele ya mkewe.

"Nimeoa," akasema. "Anaitwa Fauzia. Ni ruhusa ya Mungu, si yangu."

Kidawa akavisogeza kando. Kisha akauliza, "Nyumba hii umeiona na upungufu gani?"

"Unajua."

Neno moja hilo. Na akakata kipande cha halua, akala.

Wakawekeana zamu, huku Mchinga na kule Lindi. Asubuhi ya kwanza ya kwenda kwa Fauzia, nikiwa nafagia uani, nikasikia Kidawa anapaza sauti, yeye ambaye hapazi. Nikaingia bila hodi. Yassin alikuwa ameng'oa waya za kile kidude, anakiviringisha kwenye zile kanga alizomletea mkewe, anakitumbukiza begini.

"Hicho unakipeleka wapi?" Kidawa anauliza.

"Kikibaki huku nitakuwa nimempunja mwenzako. Dini imesema uadilifu baina ya wake."

"Yassin, nimekitengeneza kikae hapa."

"Kingekuwa kikubwa ningekiacha. Sasa umekifanya hivi, kinaenea begini. Tatizo liko wapi?" Akapanda pikipiki akaondoka.

Wallahi, mimi nilitaka kumrushia ufagio. Kidawa alikuwa amesimama anatazama pale chini ya televisheni, palipobaki vumbi la mraba. Akachukua kitambaa akapafuta.

Basi ikawa hivyo, kidude kinakwenda na mume na kinarudi na mume. Mpaka siku moja kikarudi kimekufa. Sasa sikiliza. Huyo Fauzia ni bingwa wa kufuma. Kwake hakuna kitu kinachokaa uchi: redio ina kitambaa, jagi la maji lina kitambaa, viti vina vitambaa, hata rimoti nasikia ina fulana yake. Na kile kidude akakifumia chake cha waridi, kizito, kina na mashada pembeni, akakifunika gubigubi kama mgonjwa wa homa. Matundu yote yakazibwa. Kidawa alipofungua mfuniko harufu ya kuungua ilijaa baraza, na kwenye feni kulikuwa na nyuzi za waridi zimejisokota.

"Mwambie asikifunike," akamwambia mumewe.

"Nitamwambiaje mtu aache kupamba nyumba yake? Wewe mwenyewe ungekuwa unapamba..." Hakumalizia.

Kidawa akakitengeneza. Kikaenda, kikafunikwa, kikarudi kimekufa. Akakitengeneza tena. Mara ya tatu Yassin akaja na hukumu yake, ameshaipanga njiani.

"Mtengenezee Fauzia chake. Kila mtu awe na chake, haki itendeke, na kelele ziishe."

Hee! Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mke mkubwa amuundie mke mdogo chambo cha kumnasia mumewe! Nilisubiri Kidawa amtukane. Akasema atafanya. Yassin alipotoka nikamshukia.

"Una wazimu? Haya, fanya, lakini waya mmoja uulegeze. Kiwake siku mbili kizime, na mapambo yake yazime nacho."

Kidawa akatikisa kichwa. "Mwanaidi, tumia akili. Cha Fauzia kikifa, Yassin atakuja kuchukua changu. Cha Fauzia kikiwa kizima ndipo changu hakitatoka humu ndani. Na kisipotoka, siku za zamu yangu Yassin atakuwa hapa."

Alipiga hesabu vizuri, maskini. Na mimi niliona ana haki.

Alikuwa na feni moja mpya kutoka Dar, isiyolia kabisa, aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya kile chake. Akaifunga kwenye cha Fauzia. "Kinachofunikwa ndicho chenye shida ya pumzi," akasema. Kasha safari hii akalitoboa ubavuni, upepo uingie huku utokee kule, juu akapaacha pazima ili kitambaa kikae bila kudhuru. Alimfikiria mwenziwe mpaka kitambaa chake! Kilipowaka nilidhani hakijawaka. Kimya, baridi, picha inateleza. Katika vyote alivyowahi kuunda, sijaona kizuri kama kile. Yassin akakibeba, akaenda.

Ikaja Jumamosi ya mechi kubwa ya watani, ile ya saa kumi na moja jioni ambayo nchi nzima inasimama. Ilikuwa zamu ya Kidawa. Toka asubuhi alikuwa jikoni: wali wa nazi, samaki wa kupaka, na zile kanga alizoletewa na Yassin ndizo alizovaa. Nilipopeleka bakuli la bamia nilimkuta Yassin amekaa mkekani, na kile kidude cha zamani, chenye feni ya laptopu iliyokufa, kinanguruma kama mashine ya kusaga. Joto la siku ile lilikuwa la kukaushia nazi. Mpira ukaenda, ukaenda, timu yake ikapata penalti. Mpigaji anarudi nyuma, anakuja mbele, na kioo kikawa cheusi.

Kelele zikasikika kutoka kibandani. Penalti imeingia, na Yassin hakuiona.

"Kimezidiwa na joto tu," Kidawa akasema, tayari ameshapiga magoti anakipepea kwa kipepeo cha mkaa. "Ngoja kipoe kidogo, mume wangu. Kidogo tu."

Yassin alikuwa ameshasimama. "Cha Fauzia hakifanyi hivi."

"Cha Fauzia nimekiunda mimi."

"Najua. Kile ulikiunda vizuri." Anatafuta ufunguo wa pikipiki. "Kipindi cha pili nitakidaka Lindi."

"Yassin, leo ni zamu yangu."

"Zamu ni ya kulala. Mpira si kulala. Nitarudi."

Na akatoka. Hata wali hakuugusa. Kidawa akabaki amepiga magoti, anaendelea kupepea, mpaka kidude kikapoa kikawaka chenyewe, na mpira ukarudi kiooni, unachezwa mbele ya wanawake wawili wasioujua.

Mimi nilimtukana Yassin, na mama yake, na aliyemfundisha kutembea. Kidawa alikuwa anasikiliza barabarani. Kila pikipiki ikipita anainua kichwa. Magharibi ilikuwa inakaribia simu yake ilipolia, akairukia. "Yassin huyo," akaniambia, uso umefunguka. "Anarudi."

Simu yake mwenyewe ilikuwa mbovu, spika ya sikioni ilikufa zamani na hajawahi kupata wasaa wa kuitengeneza, kwa hiyo huiweka sauti ya nje. Nikasikia kila kitu. Kulikuwa na watu wengi kule, na mwanamke anacheka karibu kabisa.

"Kidawa! Sauti iko chini, hatusikii mtangazaji. Kwenye rimoti tunabonyeza wapi?"

"Kitufe cha kushoto, chenye alama ya nyumba. Kishike, usikiachie. Itatokea orodha. Shuka mpaka neno la tatu, bonyeza katikati."

Kukawa na manong'ono. Kisha sauti ya mtangazaji ikapanda, ikajaa mpaka chumbani kwetu, watu wa Lindi wakashangilia.

"Imekubali!" Yassin akasema. "Asante, fundi."

Akakata.

Mimi nimekaa ukuta mmoja nao miaka yote hiyo. Nimemsikia akimwita Kidawa, nimemsikia akimwita mke wangu, na akikasirika, mwanamke wewe. Fundi ndiyo nilikuwa naisikia mara ya kwanza. Kidawa alizungusha ile simu mkononi, kisha akaiweka chini polepole. Akaivuta sahani ya Yassin, akafunua kawa, akanisogezea.

"Kula, Mwanaidi," akasema. "Huyu harudi."

Nikala, maana ulikuwa wali wa nazi, na wali wa nazi haufai kulala.