Mlima Haukujui, Beba Kiberiti

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo nasikia baridi yake kwenye vidole. Nilikuwa bado binti wa nyumbani, naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, na kichwa changu kilikuwa kigumu kuliko jiwe la kusagia. Mama yangu alikuwa amelazwa hospitalini Mbeya mjini. Kila nikienda kumtazama namkuta amepungua, na madaktari walikuwa wameanza kutujibu kwa upole. Ukiona daktari amekuwa mpole ghafla, ujue mambo si mazuri.

Kwetu Mbalizi, mambo yakifika hapo mtu hupanda mlimani kuomba. Bado mnafanya hivyo, nawaona mkipita alfajiri. Mtu huenda peke yake, hali wala hanywi, anakaa huko juu na Mungu wake, kisha mchana ukigeuka anashuka ili jua limkute nyumbani likizama, ndipo afungue. Nami nikaweka nadhiri: sitatia kitu kinywani mpaka jua lizame, na Mungu ataniachia mama. Nikajiaminisha kwamba nikivunja nadhiri hiyo, hata kwa funda moja la maji, nitakuwa nimemuua mama kwa mdomo wangu mwenyewe. Nakueleza haya mapema ili uje uelewe uzito wa kiazi kimoja. Tulia, tutakifikia.

Sisi vijana wa kwaya tulikuwa na kauli yetu, kwamba anayekwenda kwa Mungu haendi na mzigo. Ukionekana na mkoba njiani, wenzako wanakucheka mwezi mzima, wanauliza kama ulikwenda kuomba au ulikwenda kula. Kwa hiyo niliondoka na Biblia mkononi, raba miguuni na sweta jepesi mwilini. Ilikuwa katikati ya mvua za masika, lakini asubuhi ile anga lilikuwa jeupe na mlima wote ulionekana, hata ungeweza kuhesabu mawe yake. Mlima ukijionyesha namna hiyo unadhani umekukaribisha.

Nyumba ya mwisho kabla ya msitu ilikuwa ya Bibi Tusekile, mama wa Kinyakyusa aliyeolewa huko juu kwa Wasafwa, akabaki mjane akilima viazi na pareto. Njia ilipita kando ya uwanja wake, na kila aliyepanda peke yake alisimamishwa aonyeshe alichobeba. Wenzangu walikuwa wakizunguka nyuma ya shamba kumkwepa, na mimi nilikuwa na nia hiyohiyo. Bahati yangu, au tuseme mpango wa Mungu, nilimkuta huko huko nyuma ya shamba anapalilia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaegemea jembe.

"Nionyeshe ulichobeba, mjukuu wangu."

Nikamwonyesha Biblia.

"Hiyo ya moyo," akasema. "Ya mwili iko wapi?"

Nikamjibu, kwa kiburi kilichovaa nguo ya ucha Mungu, kwamba nimefunga na sihitaji kitu. Hakubishana nami. Aliingia ndani akatoka na kifurushi kilichofungwa kwa kitenge chake, kitenge kizuri cha kwendea kanisani, si cha shambani. Akanieleza kilichomo, nami nikasikiliza kwa sikio moja. Kulikuwa na nailoni ya ndani ya mfuko wa mbolea iliyopasuliwa ubavu mmoja, ile tunayojifunika kama kofia shambani mvua ikinyesha. Kulikuwa na kiberiti ndani ya kichupa cha dawa chenye kifuniko cha kubana, vibanzi vya paini vilivyojaa utomvu, kisu kidogo, filimbi ya refa, chupa ya maji, na viazi vya kuchemsha na chumvi yake. Mzigo wenyewe haukufikia hata uzito wa mtoto mchanga.

Kisha akaniambia habari za mumewe. Alitoka asubuhi nyeupe kama ile kumfuata ndama aliyepotea, na fimbo tu mkononi. Ukungu ukashuka. Walipompata alikuwa amejikunja chini ya mti, mahali ambapo mtu akiita unamsikia uwanjani. Baridi ilikuwa imemmaliza karibu na moto wa jikoni kwake mwenyewe.

"Mlima huu haumchukiagi mtu," akasema. "Ila haukujui. Haujui wewe mtoto wa nani wala umefuata nini. Ukungu ukikukuta, kaa chini, usitembee mpaka uone. Na ukiacha kutetemeka, usingizi ukakujia mtamu, kula haraka. Usingizi huo si wa kulala."

Nikashukuru, nikabeba. Nilipokata kona ya kwanza nikakisukumia kifurushi chini ya kichaka, nikaendelea na Biblia yangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu langu nilikuwa nimeshalitanguliza.

Sasa cheka ukipenda. Kilichonirudisha si hekima. Nilipotoka juu ya msitu niliona kiwingu kidogo upande wa Tukuyu, nikawaza kwamba mvua ikinyesha itakiharibu kitenge cha watu. Nitamtazamaje bibi yule nikimrudishia nguo yake ya kanisani imejaa matope? Nilinung'unika njia nzima ya kurudi, nikakitoa kichakani, nikakifunga mgongoni, nikapanda tena. Mama alikuwa amenilea niogope kuharibu cha mtu kuliko kuogopa kufa, na malezi hayo ndiyo yaliyonibeba siku ile.

Nikafika juu. Mwanangu, nimeishi miaka mingi na nimeona mengi, lakini sijaona tena kitu kama kile. Upande mmoja tambarare ya Usangu ilikuwa imelala mpaka macho yanachoka, na mashamba ya mpunga kule Ubaruku yaling'aa kwa maji. Upande wa pili ardhi ilikuwa imekatika ikaanguka kwenda bonde la Rukwa, chini kabisa, mpaka kichwa kinazunguka. Ndege mkubwa aliruka chini yangu, nikaona mgongo wake. Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga kumwambia Mungu yalinitoka. Nilipiga magoti nikasema "mama" tu, nikarudia, nikarudia. Nilijiona mdogo sana, na udogo ule haukuniuma hata kidogo.

Sijui ukungu uliingilia wapi. Nilifumbua macho nikakuta dunia imefutwa. Nilinyoosha mkono, vidole vyangu mwenyewe nikaviona kwa shida. Halafu mvua ikaja, ile nyembamba ya juu inayoingia mpaka kwenye mfupa, na upepo wake. Nikafanya kile ambacho kila mtu hufanya. Nikajiambia njia naijua, nikaanza kushuka, nikapita jiwe ambalo niliapa nimeliona wakati wa kupanda. Muda si mrefu nikapita jiwe jingine, nalo nikaapa vilevile.

Ndipo yakanijia maneno ya bibi: kaa chini. Kukaa ni kugumu kuliko kutembea, mwanangu. Miguu ilitaka kwenda. Nilimwona mama kitandani, nikaona jioni inakuja, kila kitu kikanisukuma niendelee. Nilikaa kwa hasira, naweza kusema, chini ya mwamba uliochomoza kidogo, nikajifunika ile nailoni ya mbolea, nikafungua kichupa kwa meno kwa sababu vidole vilikuwa vimekataa. Njiti za kwanza ziliniponyoka. Iliyofuata ikashika, na kibanzi cha paini kikawaka kwa moshi mweusi kama kimewekwa mafuta ya taa. Moto wenyewe ungeenea kwenye kikombe. Nikauinamia na nailoni yangu kama mlinzi wa benki, na nilipoona mikono yangu tena, nyekundu, inaishi, nilistaajabu. Mvua inanyesha dunia nzima, na mimi nina moto.

Lakini vibanzi havikuwa vingi. Vilipokwisha baridi ikarudi, na baada ya kutetemeka sana nikaona nimetulia. Nikajisikia vizuri. Usingizi ulinijia mtamu kama wa Jumapili mchana. Nikakumbuka tena, na safari hii nikaogopa kwelikweli, maana nilijua natakiwa kufanya nini. Viazi vilikuwa mapajani mwangu na jua lilikuwa halijazama.

Niliwaza: nikila, mama anakufa. Nisipokula, nakufa mimi. Niliwaza hivyo kwa muda ambao siwezi kukupimia. Mwisho nikauma kiazi, baridi, na ganda lake na chumvi, nikatafuna huku nalia, nikimwomba mama msamaha kwa kila tonge. Nikala cha pili. Nikanywa maji. Kutetemeka kukarudi, nikajua nimerudi nami.

Kisha upepo ukageuka, ukungu ukapasuka kama mtu amevuta pazia. Mbele yangu, hatua chache tu kutoka pale nilipokaa, mlima ulikuwa umekwisha. Hapakuwa na njia. Palikuwa na poromoko, na chini yake mawingu, na chini ya mawingu vilele vya miti vinavyoonekana vidogo kama mboga za bustanini. Huko ndiko nilikokuwa naelekea kwa uhakika wote. Niliushika ule mwamba kwa mikono miwili. Sikuomba, sikuimba, nilitazama tu. Nilimwogopa Mungu siku ile kuliko siku yoyote niliyosimama madhabahuni.

Pazia halikukaa wazi muda mrefu, lakini lilinitosha kuona ukingo wa msitu ulipo. Nikapuliza filimbi, nikanyamaza kusikiliza, nikapuliza tena. Kutoka chini nikasikia debe linagongwa. Nikashuka kidogo kidogo kuifuata sauti ile, nikikaa kila ukungu ulipofunga, nikipuliza, nikijibiwa, mpaka nikamwona Bibi Tusekile amesimama mwanzo wa msitu, amelowa mwili mzima, na debe lake na fimbo. Alikuwa amepanda na magoti yale mabovu kwa sababu aliona mlima umevaa kofia.

Sikugombezwa. Alipapasa kifurushi, akakuta viazi vimepungua, akasema, "Umekula. Ndaga," ndiyo asante ya kwao. Nami nikaanguka kifuani kwake nikamwambia yote, nadhiri na kitenge na kichaka, na kwamba nimemuua mama. Alininyamazisha kwa kunipiga piga mgongoni. Akasema hawezi kunisamehe kosa lisilo lake, niende nikamwambie mama mwenyewe, yeye ndiye mwenye kesi.

Kesho yake nikaenda wodini. Nilimsimulia mama huku nimeinamisha uso kwenye shuka. Aliutoa mkono wake polepole chini ya blanketi. Kisha akanishika sikio, alivyokuwa akinishika utotoni nikikosea, ila safari hii kwa vidole visivyo na nguvu.

"Ungebaki huko juu," akasema, "mimi ningepona nikae na nani?"

Mama hakupona, mwanangu. Sitakudanganya ili hadithi iwe tamu. Aliondoka mahindi yakiwa bado mabichi shambani. Kwa miaka mingi nilijiuliza kuhusu kile kiazi, na sasa sijiulizi tena, kwa sababu najua kilininunulia nini. Usiku na mchana wa siku zake za mwisho nilikuwa pale. Nilimlisha uji, nilimgeuza, nilimwimbia sauti ya kwanza peke yangu bila kwaya, na alipokata roho mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu. Kama ningekuwa mkaidi kidogo zaidi, angekufa akiuliza nimekwenda wapi.

Kwa hiyo ninyi wa siku hizi mnaopanda peke yenu, wa maombi, wa kutafuta uyoga, wa kupiga picha, nisikilizeni. Najua mna simu, na simu ina tochi na ramani. Ni kitu kizuri, beba. Lakini simu haizuii mvua, hailiki, na baridi ikiishika inazima kabla yako. Beba nailoni, beba moto uliofungwa usilowe, beba maji na cha kutafuna, kisu, filimbi, na sweta zaidi ya lile ulilovaa, hata kama unakwenda asubuhi na kurudi mchana. Wanaopotea ni hao hao wa kurudi mchana. Mwambie mtu unapita njia gani na akutarajie lini. Na dunia ikifutika mbele yako, kaa. Jitihada haiondoi kudura, ni kweli, lakini hakuna mahali nilipoambiwa kwamba kudura inachukia kiberiti. Atakayekucheka kwa mkoba wako mwache acheke, kicheko hakijawahi kumzika mtu.

Kubeba si kuogopa, wala si kupungukiwa imani. Ni heshima kwa kitu kikubwa kuliko wewe, na ni upendo kwa mtu aliyekaa nyumbani anakungoja. Kila apandaye peke yake ana mtu wa namna hiyo, hata kama wameagana kwa ugomvi.

Nenda, mwanangu, sikuzuii. Kaone niliyoyaona. Mungu akutangulie ukipanda na akufuate ukishuka, mlango uliotokea asubuhi uwe ndio utakaoingilia jioni, na wanaokupenda wazeeke mbele ya macho yako. Amina.