Mheshimiwa aliapa kwa Biblia yetu, mchwa wakawa mashahidi

Wakuu, salaam. Haya niliyaona kwa macho yangu, na nusu ya kosa ni langu.

Kwetu Matsangoni kuna Biblia ya jalada la ngozi, aliyopewa babu wa babu yangu siku ya kubatizwa. Inakaa juu ya kabati la bibi yangu, Hawe. Hawe haoni tena, kwa hiyo kila Jumapili mimi ndiye humsomea.

Nikiri hapa hapa. Herufi zile ni ndogo kama mayai ya chawa. Nilikuwa naiweka magotini bila kuifungua, nasoma kwa simu. Miaka sita.

Sasa mheshimiwa wa wadi yetu, baada ya kushinda uchaguzi mdogo, akaja nyumbani. Alitaka kuapa kwa Biblia ya kihistoria ili picha zitoke vizuri. Mimi akaniahidi kazi ya udereva nikiifikisha salama Malindi, kwenye bunge la kaunti. Sina kazi tangu hoteli yetu ifungwe, kwa hiyo nilifurahi sana.

Hawe akamuuliza, "Huifungui kwanza, mwanangu?"

"Hawe, kitabu cha Mungu hakikaguliwi," akajibu, akaipiga picha, akaenda zake.

Nikaifunga kwa leso, nikaibeba kama yai.

Siku ya kiapo akaiinua kwa mkono wa kulia. Vumbi likaanza kumwagikia suti. Halafu mchwa, wakateremka mkononi hadi ndani ya shati.

Kiapo hakikatizwi, wakuu. Alikisoma mbio huku akitikisika. Waliokaa nyuma wakadhani ni Roho Mtakatifu, mama mmoja akaanzisha pambio. Alipofika "Ee Mungu nisaidie", ilitoka moyoni kabisa.

Ilipofunguliwa, ndani hamna hata Mwanzo. Jalada na udongo tu.

Udereva wangu uliishia hapo.

Nikamrudishia Hawe nikiona aibu. Akaipapasa.

"Mchwa hawa nawasikia tangu mwaka juzi," akasema.

"Sasa Hawe, mbona ukampa?"

"Nilitaka nijue kama ataifungua. Asiyefungua kitabu anachoapia, atafungua faili la mradi wetu wa maji?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Na wewe mjukuu wangu, ulikuwa ukinisomea kurasa gani?"

Funzo nimelipata: kagua kabla ya kuapa, na kabla ya kujifanya unasoma.

Wanasheria wa humu, kiapo cha jalada tupu kinashika? Wengine nisaidieni haraka Zaburi fupi ya kukariri. Hawe amesema Jumapili niende nimsomee kama kawaida, ila simu niiache kwangu.