Nguzo Zilizosukwa Nywele

Mwaka 2017 nilikuwa na uchovu ule ambao unalala nao na unaamka nao. Nilikuwa nasuka nywele Kensington, hapa Johannesburg, kwenye chumba cha mbele cha bibi mmoja wa Kigiriki, mjane, ambaye zamani yeye na mumewe waliuza mkate na maziwa humo humo. Nyumbani Troyeville nilikuwa na mume, watoto watatu wakubwa wanaosikia Kiswahili lakini wanajibu kwa Kiingereza, na mama mkwe aliyepooza upande mmoja. Gogo, yaani nyanya kwa lugha ya kwao, kama tunavyomwita, hakutaka kulishwa na mkono wowote ila wangu. Sifa hiyo! Ukiona wanakusifu kwa kubeba, ujue hawana mpango wa kukutua.

Na Morogoro nilikuwa na mama yangu mzazi. Mume wangu alinioa huko alipokuwa mkimbizi wa siasa, akanileta kwao mambo yalipobadilika. Sasa mama alikuwa anasahau. Alianza na funguo, akaja kwenye majina ya majirani, akafika kwa wajukuu. Mdogo wangu anayekaa naye alinipigia mwezi wa tatu, akasema bila kuzunguka, "Dada, njoo angali anakujua. Kila siku anakuulizia."

Nikasema nitakuja Pasaka. Pasaka gogo akapata homa ya mapafu. Nikasema mwezi wa sita. Mwezi wa sita kitinda mimba wangu akawa na mitihani. Mdogo wangu akaniambia ngoja ngoja huumiza matumbo, nikamkasirikia, kwa sababu mzigo wa mwenzio siku zote ni kanda la usufi. Mume wangu hakuwa ananikataza, hapana, ni mtu mpole. Alikuwa anakaa kitandani, anashika kichwa, anasema, "Eish, nenda tu. Lakini nyumba hii itaanguka, mke wangu, nakwambia." Basi, na mimi nikijiona mtu wa maana, nabaki.

Ukutani mwa saluni bibi alikuwa ameacha picha yake kubwa iliyopauka kwa jua, akanikataza kuitoa. Ilikuwa ya wanawake sita wa mawe waliosimama barazani mwa hekalu la kale la kwao, na paa lote la mawe limekaa juu ya vichwa vyao. Mwaka mzima sikuitazama. Ukisimama kutwa unasuka, unachoona ni utosi wa mteja. Siku moja ya mvua, wateja hakuna, bibi akaja na kahawa yake nzito, akakaa kwenye kiti cha wateja, nami ndipo nikainua macho.

"Hawa wamesukwa," nikasema.

Akacheka. Tulikuwa tunaongea Kiingereza, chake cha Kigiriki na changu cha Morogoro. Nikamwambia, bibi, usinicheke, hii ndiyo kazi yangu. Tazama mbele, mistari imerudi nyuma kama ile tunayoita twende kilioni, msuko wa haraka wa mtu aliyepata msiba. Nyuma wameachiwa msokoto mnene mpaka mabegani, na huo si urembo peke yake. Shingo ya mwanamke ni nyembamba. Jiwe likiwa jembamba hapo, chini ya paa lile, litakatika. Aliyechonga ameficha unene ndani ya nywele. Bibi akaweka kikombe chini. Akasema mwanawe aliyesomea majengo aliwahi kumweleza hivyo hivyo, tena ilimchukua jioni nzima.

"Na juu wamevaa ngata," nikaendelea, maana nilishavimba kichwa.

Ngata hakuijua. Nikasokota taulo, nikalizungusha, nikaliweka utosini, pale pa kukalia ndoo. Akatikisa kichwa. Hapana, binti, hicho ni kichwa cha nguzo, mafundi wana jina lake. Nikamwambia aliyekipa jina hilo hajawahi kuteka maji. Tulibishana mpaka akakubali, shingo upande.

Nikamuuliza wanawake hawa ni nani, na walikosa nini. Akasema wasemaji ni wengi. Wapo wanaosema ni wasichana wa ibada, wamebeba sadaka. Wengine husema palikuwa na mji ambao wanaume wake walijiunga na adui; vita vilipokwisha wanaume wakauawa, wake zao wakafanywa watumwa, ndipo wakachongwa hivi, wabebe milele. Loo! Wakose wanaume, watwishwe wanawake.

"Lakini si mlikuwa na mungu mwanamke," nikasema, "mwenye mkuki na kofia ya vita?"

Akasema ndiyo, mwanamke wa hekaluni alikuwa na mkuki. Wa nyumbani alikuwa na sufu ya kusokota na nguo ya kufuma. Mke wa mtu mwenye heshima hakwenda sokoni, hakusimama mahakamani bila mwanamume wa kumsemea, na jina lake halikutajwa mbele za watu. Ila siku ya msiba, kuosha maiti na kulia, huyo huyo ndiye aliyetangulizwa. "Mama yangu mwenyewe aliishi karibu hivyo," akasema, akanywa kahawa yake. Nilisikia uchovu wa watu nisiowajua umeongezwa juu ya wangu.

Nikaona mmoja wao rangi yake si ya wenzake. Bibi akasema huyo si yeye, ni mfano wake. Mwenyewe alichukuliwa zamani na bwana mmoja mkubwa kutoka nchi nyingine, akapakiwa melini, na mpaka leo yuko ugenini. Watu wa mji walisema waliobaki walisikika wakimlilia dada yao.

Nikauliza, "Na paa?"

"Paa limefanya nini?"

"Alipoondolewa. Lilianguka?"

"Halikuanguka. Walipanga matofali mahali pake."

"Matofali?"

"Matofali tu, ya ovyo. Na likakaa."

Nilifunga saluni saa tisa. Nyumbani nilimkuta mume wangu anatazama mpira. Nikamwambia Jumamosi nakwenda Morogoro. Akashika kichwa, akaanza, "Mke wangu, nyumba hii..." Nikamwambia atafute matofali. Hakuelewa, nami sikuwa na nguvu ya kumwelewesha.

Ulikuwa mwezi wa tisa. Mama nilimkuta uani, kanga safi, amekaa wima, akanitazama kwa adabu zake zote.

"Karibu, mwanangu. Umetoka kwa nani?"

Mwanangu, kama anavyomwita kila muuza mboga anayepita. Mdogo wangu akageukia ukuta. Baadaye aliniambia mwezi wa saba mama alikuwa bado ananiita kwa jina, akiamka na akilala. Wa nane akaacha.

Siku ya nne nikapiga simu Johannesburg, nikijua nitapokewa na kilio. "Tuko sharp," akasema mume wangu. Gogo? Gogo anakula, binti yako anamlisha, wamezoeana. Nani anapika? Tunapika kwa zamu. "Pumzika, mke wangu." Sauti ilikuwa ya mtu aliyelala vizuri. Badala ya kushukuru Mungu nilishikwa na hasira. Miezi sita! Na siwezi kusema kuna mtu alinifunga kamba. Nilipenda kuambiwa kwamba bila mimi itaanguka.

Jioni nikamketisha mama mkekani, katikati ya magoti yangu, nikaanza kumsuka. Nywele zilikuwa chache, mvi tupu, nilizishika taratibu. Akatulia, akafumba macho.

"Una mkono mwepesi wewe," akasema. "Mwanangu mkubwa naye ni msusi. Yuko Afrika Kusini."

"Mbona haji kukuona?" Sijui kwa nini niliuliza. Laiti ningemeza ulimi wangu.

Akakivuta kichwa chake mikononi mwangu, akageuka kunitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nifike alikuwa mkali.

"Usimseme mwanangu," akasema. "Ana mgonjwa, ana watoto, nyumba yote inamtegemea yeye. Akipata nafasi atakuja."