Ami Anataka Jina la Mihayo Likae Kwenye Safu ya Udhaifu

Haya ameyaandika dada mmoja wa Tabora mjini. Jina lake tunalo sisi, na litabaki kwetu.

Nina miaka thelathini na nane, nimeachika, nina watoto wawili, na tunaishi kwenye nyumba ya marehemu baba. Tangu nimalize kidato cha nne nafanya kazi kwenye ghala la asali la familia, ambalo sasa linasimamiwa na kaka mkubwa wa baba. Sisi wenye asili ya Oman humwita Ami, basi na hapa nitamwita hivyo. Majina mengine nimeyabadilisha. Sihitaji kuonewa huruma. Naomba tu mnisome mpaka mwisho kabla hamjaandika maoni.

Mwaka huu nilijiunga na chuo cha jamii, kozi moja yenye masomo matatu: biashara, fedha na ulinzi. Biashara na fedha hakuna aliyeuliza. Ulinzi ndio ukawa kichekesho. Nassor, mtoto wa Ami, akawa ananipigia saluti kila nikiingia ghalani. "Afande, geti umelifunga?" Ami mwenyewe alisema mara moja tu: "Binti wa nyumba hii akavae kofia ya getini?" Nikamweleza kuwa tunafundishwa kuona mali inaweza kupotelea wapi. Akanijibu, "Hapa haijapotea hata ndoo." Ni kweli, haijapotea.

Kazi ya mwisho ya somo hilo ni kukagua biashara halisi, kujaza fomu, kisha mwenye biashara aisome na kuisaini. Bila sahihi yake hakuna cheti. Fomu ina safu nne: mali, tishio, udhaifu na kinga iliyopo. Kwanza nilimpa Ami barua ya ruhusa, imeandikwa wazi kwamba nitafanya jaribio moja bila kumwambia siku. Aliisaini juu ya mzani, bila miwani, akidhani ni fomu ya ada.

Funguo zote za ghala anazo yeye, zimefungwa pamoja. Akienda kuswali alasiri huziacha juu ya mzani huohuo. Jumanne moja alipotoka nikazichukua, nikatembea nazo kuelekea mlangoni. Nassor aliniona, akarudi kwenye simu yake. Wateja wawili waliniona, wakaendelea na mazungumzo yao. Mtu mmoja tu ndiye aliyesimama: Mzee Mihayo, mchukuzi wetu, Mnyamwezi wa Sikonge, ambaye amebeba ndoo zetu tangu mimi niko shule ya msingi. Alitua ndoo, akaziba mlango.

"Funguo za mzee zinakwenda wapi?"

"Ni mimi, Mzee Mihayo."

"Kwamba ni wewe naona. Nimeuliza funguo."

Nikazirudisha. Nilipomhoji, akaniambia kila alasiri hukaa pale mlangoni mpaka Ami arudi. Hakuna aliyemwagiza. Basi kwenye safu ya udhaifu nikaandika: "Ami huacha funguo juu ya mzani." Kwenye kinga iliyopo nikaandika: "Mihayo."

Ami alimpa Nassor aisome kwa sauti, pale barazani, wakiwepo warina asali wawili waliotoka Sikonge. Nassor akaisoma kama mtangazaji wa mpira. Alipofika safu ya tatu akasema, "Udhaifu: Ami!" na akaishia hapohapo. Mrina mmoja akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Mimi dhaifu?" Ami akaniuliza.

"Si wewe, Ami. Ni namna ya kuandika. Nassor, maliza mstari, ni habari ya funguo."

"Funguo ndizo zinazoitwa Ami?"

Nikamweleza jaribio lote, na barua aliyoisaini. Akasema, "Umechukua funguo zangu nikiwa mbele ya Mola wangu, halafu umeniandika dhaifu mbele ya wageni."

Nilipaswa kumweleza lile neno kabla hajakabidhi karatasi kwa mtu mwingine. Kosa hilo ni langu. Nilimwomba radhi siku ileile, mbele ya watu walewale, naye akaipokea. Kisha akatoa sharti. "Hapo nilipo mimi muweke Mihayo. Alipo Mihayo niweke mimi. Nitasaini sasa hivi."

"Ami, Mihayo ndiye pekee aliyeniuliza."

"Mihayo hajui kusoma. Haitamuuma."

Nimekataa. Shangazi amenipigia simu mara tatu kunisihi kwamba ni karatasi tu. Lakini nakala moja inabaki ghalani. Siku ndoo ikipotea nakala hiyo itatolewa, na kwenye udhaifu kutakuwa na jina la mtu mmoja, kwa mwandiko wangu na sahihi ya Ami. Mihayo mwenyewe alipopata habari alisema, "Andika tu, mwanangu, upate cheti chako. Mimi watu wananisoma mgongoni." Nikamwambia cheti cha namna hiyo sikitaki hata wakiniletea nyumbani.

Na mlijue jambo moja. Tangu siku ile mzani umebaki mtupu. Ami amezifunga funguo kwa kamba, anazivaa shingoni ndani ya kanzu, na anakwenda nazo msikitini. Ushauri wangu ameuvaa. Sahihi ndiyo hataki kunipa.

Fomu inatakiwa chuoni Ijumaa. Nimeinakili upya kwa mwandiko mzuri, kila jina mahali pake. Je, niipeleke bila sahihi, nieleze yaliyotokea na nikubali lolote, au nirudi kwa Ami mara nyingine? Na nikirudi, nianze na neno gani? Hayo ndiyo ninayotaka mnishauri. Kama ushauri wako ni kumhamisha Mihayo, usijisumbue kuandika. Huo nimeshaupata nyumbani.