Sauti za Nyuma ya Kamera

Kila ninayemwonyesha ile video huniuliza swali lile lile: watu walikuwa wapi? Anaiona nyumba ya bibi yangu, mlango uko wazi, mkeka umetandikwa barazani. Anakiona kisima na ndoo yake. Anaiona minazi, anayaona makaburi, anaiona njia ya mchanga inayoteremka kwenda pwani. Mtu haonekani hata mmoja. Hata kuku hawamo, maana kuku tuliwafukuza. Wengine hudhani nilikwenda kupiga wakati wa vita, kijiji kikiwa kimeshahamwa. Nawaambia hapana. Siku ile kijiji kilijaa watu, na wote walikuwa nyuma yangu.

Kijiji chenyewe kilikuwa kwenye rasi ya Afungi. Nilizaliwa pale, na aliyenilea ni bibi mzaa mama. Baadaye niliolewa Palma mjini na mwanamume anayefanya biashara ya nguo. Alikuwa akivuka mpaka kwenye mto Rovuma pale Namoto, ananunua Mtwara, anarudi kuuza kwetu. Safari moja aliniletea kamera ndogo ya mkononi, rangi ya fedha, inayoingia kwenye mfuko wa gauni. Nikaizoea, nikaanza kupiga video za harusi, na wanawake wa mjini wakapenda kuniita mimi kwa sababu ningeweza kuingia ndani kwa bibi harusi ambako mpiga picha wa kiume asingefika.

Ilikuwa miaka ile gesi imeanza kupatikana baharini. Ikiingia magharibi tuliona taa upande wa bahari kuu, mahali ambapo tangu dunia iumbwe hapakuwa na kitu. Palma ilijaa wageni. Watu walitoka kwenye vyumba vyao, wakalala jikoni ili wawapangishe. Kisha wakaja watu wa kupima mpaka kijijini kwa bibi. Wakapima nyumba, wakahesabu minazi, wakauliza kila kaburi ni la nani. Kila mwenye nyumba akapigwa picha akiwa ameshika ubao wenye namba. Tukaambiwa kijiji kizima kitahamishwa, kitajengwa upya bara kidogo, nyumba za saruji na bati.

Bibi akaniita. Nilimkuta barazani anachambua kunde kwa vidole, macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja na kile kidude chako?"

Nikamwambia ninacho. Akaendelea kuchambua kunde, akasema, "Nataka uniwekee mahali hapa ndani yake. Nyumba, kisima, wafu wetu, mpaka pwani. Lakini watu usiweke."

"Kwa nini bibi? Watu ndio watapenda kujiona."

"Watu wameshapigwa, tumeshikishwa mbao kifuani kama wezi. Na watu tunaondoka nao, mjukuu wangu. Mimi ninakwenda, mjomba wako anakwenda, watoto wanakwenda. Haya hayaendi. Wewe nipigie yasiyokwenda."

Mjomba alikuwa amekaa pembeni anashona nyavu. Ni mtoto wa mwisho wa bibi, mvuvi, mtu wa maneno mengi na kikohozi kidogo cha tumbaku ambacho hakimtoki hata leo ninapomkumbuka. Akacheka, "Mama anataka nyumba zipigwe picha za paspoti."

Nilijaribu siku ile ile. Niliporudi mjini na kuitazama kwenye televisheni, nikavunjika moyo. Kwenye harusi sikuwahi kuona kasoro, kwa sababu watu wanacheza, jicho linafuata ngoma. Lakini mti uliosimama unataka kuonekana. Makuti ya minazi yalikuwa yamechanganyika kama uji, na maandishi ya kaburi la babu hayakusomeka. Nikaona nikimpa bibi kitu kile, macho yake yatakuwa mazuri kuliko kamera yangu.

Safari iliyofuata ya mume wangu nikaenda naye. Mtwara kulikuwa na fundi wa studio ya picha, mzee mpole, miwani yake imefungwa uzi. Nikamweleza. Akaiwasha kamera, akafungua orodha ya mipangilio, iliyoandikwa Kireno, akanipa nimsomee.

"Unapiga nani?"

"Simpigi mtu. Napiga mahali."

Akanitazama juu ya miwani. "Basi umekuwa ukitumia ukubwa mdogo, ule wa kuingiza sherehe nzima kwenye kadi moja. Weka ule mkubwa kuliko wote. Kadi itajaa upesi, kwa hiyo piga vipande vifupi, na visivyokupendeza ufute pale pale. Kasi weka picha thelathini kwa sekunde. Ukitaka kitu kiwe karibu, kisogelee kwa miguu yako, usivute kwa zuum, itakuharibia. Na huku, unaona? Kupunguza upepo. Ukifika pwani iwashe, la sivyo utasikia upepo tu."

Nilirudi na yote hayo kichwani. Nilipofika kijijini nilitaka kujaribu hiyo ya upepo kabla ya kazi yenyewe, nikamwomba mjomba asimame mbele ya nyumba aseme chochote. Akasimama wima, akavua kofia, akaivaa tena, akaanza kuhutubia kama mgombea wa uchaguzi: ndugu wananchi, mkinichagua nitaileta bahari mpaka mlangoni. Watoto wakaanguka kwa kicheko. Nikampa asikilize kwenye kile kispika kidogo.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni wewe mjomba."

"Mimi? Huyu ni mtu aliyefungiwa ndani ya debe. Kakatwa kifua. Bora upepo. Upepo huu tumezaliwa nao, una ubaya gani?"

Bibi naye akasema upepo uachwe. Nikauzima ule mpangilio. Na kwa kuwa kadi ilikuwa moja na picha kubwa inaimeza, nikafuta hotuba ya mjomba. Nilifanya kama fundi alivyonielekeza, na sikuwaza lolote.

Tulipiga asubuhi iliyofuata, jua likiwa bado liko chini ili mwanga uingie ndani ya milango. Habari ilikuwa imeenea. Watu walitoka na viti, na vibuyu vya maji, na watoto mgongoni, kama wanaokwenda kwenye maulidi. Bibi aliwaambia wote wakae nyuma ya kamera, na kila nilipohamia nao walihama, msafara mzima unanifuata kwa nyuma. Mjomba akajifanya askari, anawarudisha watu kwa fimbo: rudi, rudi, bega lako litaingia kwenye nyumba ya watu.

Nilipiga nyumba moja moja. Nilipiga kisima. Nilipiga mti wa msufi ambao wanawake wa ukoo wetu walijifungulia watoto kivulini mwake zamani, vita au gharika ilipowatoa majumbani. Makaburini bibi alivua kandambili. Akasimama ubavuni kwangu, mkono wake uko begani kwangu, akawasalimia wafu: asalaam alaykum watu wa makaburini. Akawaeleza kwa utulivu kwamba kuna kitu kimepatikana chini ya bahari na kwa ajili hiyo tunahama. "Mkiulizwa," aliwaambia, "semeni tumekwenda bara. Hatukukimbia, tumeambiwa." Nyuma yetu hakuna aliyekohoa, hata mjomba.

Tulipomaliza niliazima jenereta na televisheni, tukaitazama wote uwanjani pale pale. Picha ilikuwa safi ajabu. Ungeweza kuona nyuzi za mkeka, ungeweza kulisoma jina la babu herufi kwa herufi. Mwanzo watu walishangilia, kila mmoja anapiga kelele nyumba yake ikitokea. Lakini nyumba zikawa zinapita, moja baada ya nyingine, milango wazi, hakuna mtu, na kelele zikapungua, zikapungua, mpaka ikabaki jenereta, inayomeza hata sauti ya televisheni.

Mjomba ndiye aliyesema. "Mbona kama tumekufa?"

Mwanamke mmoja alimchukua mtoto wake akaingia ndani. Bibi, ambaye hakuona picha bali alisikia tu kelele zikififia, akasema, "Ndivyo patakavyokuwa. Zima."

Tulihama. Nyumba za saruji zilikuwa nzuri, zimepangwa kwa mistari, na zote zilifanana, kiasi kwamba wazee waliingia milango isiyo yao. Bibi hakuumwa kitu. Alikuwa akiamka alfajiri, anageuza uso upande wa pwani, anauliza kwa nini leo bahari imenyamaza. Alifariki kabla ya mvua za pili, tukamzika kwenye makaburi mapya, peke yake katika safu yake.

Kisha vita. Sitaieleza, walioiona hawahitaji na wasioiona hawataamini. Nitasema tu kwamba siku waasi walipoingia Palma mimi na mume wangu tulikimbilia upande wa mikoko, na kitu pekee nilichochukua ni ile kadi, nimeifunga kwenye pindo la kanga. Kamera yenyewe ilibaki juu ya kabati. Mjomba alimpakia mkewe na watoto kwenye mashua iliyokuwa imeshajaa, akaisukuma, akawaambia anarudi kumchukua mama mkwe wake ambaye hawezi kutembea. Mama mkwe alipatikana baadaye, hai, kwa jirani. Mjomba hakuonekana tena. Hakuna aliyemwona ameanguka, hakuna aliyemwona anakwenda.

Tuliporudi Palma, baada ya muda mrefu wa kuishi kwenye maturubai ya wakimbizi huko Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, mkaza mjomba alikuja nyumbani kwangu na watoto wake. Hakuwa na picha yoyote ya mumewe. Kila kitu kiliungua. Alisikia kwamba mimi ninayo ile video.

"Dada, hayumo," nikamwambia. "Bibi alikataza watu."

"Niwekee hivyo hivyo."

Nikaichomeka kadi kwenye kompyuta ya mume wangu. Sikuwa nimeigusa tangu bibi alipofariki. Nyumba ya bibi ikatokea, mlango wazi, na upepo ukavuma ndani ya chumba changu cha Palma kama umefunguliwa dirisha. Halafu, ndani ya upepo, kikohozi. Kisha sauti yake, karibu kabisa, kama mtu aliyesimama nyuma ya kiti: "Rudi, rudi, we mama bega lako." Kicheko cha wanawake. Mtoto analia ananyamazishwa. Bibi anauliza, "Tumefika kisimani?" Na mjomba anamjibu, "Tumefika mama. Angalia mwiba hapo."

Kabla ya hapo niliitazama tu. Sikuwa nimeisikiliza. Nilikuwa nimechagua picha kubwa kwa ajili ya minazi, na walioingia ni wale tuliowaficha.

Binti yake mdogo, aliyekuwa hajaanza kutembea baba yake alipopotea, aliwasikia wakubwa zake wakisema ni baba, wala hakutazama kompyuta. Aligeuka kutazama mlangoni, nyuma yetu, kule sauti ilikoonekana kutokea. "Baba yuko wapi?" akauliza. "Kwa nini haingii?"

Mkaza mjomba hakulia. Watu wa familia walikuwa wakimhimiza siku nyingi akae eda, wamsomee marehemu hitima, aanze maisha. Shehe alikuwa amemwambia muda umepita, inajuzu. Aliinuka, akajifunga kanga yake vizuri, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba anakataa chai:

"Mimi siwezi kukaa eda ya mtu anayezungumza."

Akaondoka. Shangazi zangu walinilaumu, wakaniambia nimemfufulia mtu asiyefufuka. Kwa muda mkaza mjomba alikuwa anakuja kila Ijumaa baada ya swala, anaketi mahali pale pale, tunaisikiliza mpaka mwisho, ananishukuru, anakwenda. Hata mume wangu alianza kuingia kwa mlango wa nyuma siku za Ijumaa. Alisema ukipitia sebuleni unahisi unapita katikati ya watu.

Ijumaa moja hakuja. Wala iliyofuata. Nikasikia amekwenda mwenyewe kwa shehe, amesema sasa yuko tayari. Hakuna aliyejua kilichombadilisha, na mimi sikumuuliza. Hitima ilisomwa bila kaburi. Aliingia eda, na alinitumia ujumbe kwa mwanamke wa jirani: video isiwashwe mpaka atoke, hata na mimi nikiwa peke yangu. Nilitii. Kadi ilikaa ndani ya kopo la sukari tupu, na nakiri kwamba kila nilipopita karibu na lile kopo nilipunguza hatua.

Alitoka eda, akaoga, akaja kwangu mchana akiwa amevaa kanga mpya. Alikuwa amekonda, lakini uso ulikuwa umetulia. Hakutaka yote.

"Niwekee ya kisimani tu."

Nikamwekea. Kisima kikatokea, mawe yake, ndoo yake, kila jani la pembeni yake. Mkaza mjomba alifumba macho. Upepo ukavuma, bibi akauliza kama tumefika, mjomba akakohoa.

"Tumefika mama. Angalia mwiba hapo."

"Nimeuona," mkewe akajibu, polepole, macho bado amefumba. Halafu akaniomba nizime.